Fremu ikivunjwa, mpangaji anaondoka na nini?

Na Mwandishi Wetu, Nanyamba

MSIMU wa korosho unapofunguliwa Oktoba, fedha huanza kuonekana Nanyamba. Mnada wa kwanza ukishafanyika na wakulima wakishalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, duka la vifaa vya ujenzi linauza bati, fundi cherehani anapata kazi za sare za shule na mama ntilie anaongeza sufuria. Ni wakati huo huo ambapo mwenye nyumba hupita kwenye fremu zake kudai kodi ya mwaka mzima, au walau miezi sita.

Mfanyabiashara hulipa, kwa kuwa anajua kwamba ikifika Machi hatakuwa nayo tena. Anaandikiwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanawe, yenye kiasi na tarehe, na pengine sahihi ya upande mmoja tu. Wengine hata hiyo karatasi hawana. Wanategemea kwamba mwenye nyumba ni jirani, au mjomba, au mtu wanayeswali naye msikiti mmoja.

Utaratibu huo huenda vizuri miaka na miaka. Tatizo huanza siku ambayo ukuta wa fremu unachorwa alama ya X, au mwenye nyumba anapofariki na watoto wanataka kuuza, au anapojitokeza mtu mwenye fedha anayetaka kujenga nyumba ya kulala wageni mahali pale pale. Siku hiyo mpangaji hugundua kwamba amefanya biashara mahali kwa miaka kumi, lakini kwenye makaratasi hayupo.

Makala hii inaangalia haki za mpangaji wa chumba cha kuishi na wa fremu ya biashara anapotakiwa kuondoka, milango ambayo anaweza kubisha hodi katika Halmashauri ya Mji Nanyamba na Mtwara kwa jumla, na mambo ambayo ni vyema ayafanye mapema kabla hayajamkuta.

Barabara inapokuja

Nanyamba iko kwenye njia ya barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilometa 210. Kwa miaka mingi barabara hii ilikuwa ya vumbi, na malori ya korosho yalikuwa yakikwama wakati wa masika. Ujenzi wa lami ulianza na kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya kipande cha Mnivata, Newala hadi Masasi, kilometa 160, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hakuna mkulima au mfanyabiashara anayeichukia lami. Hata hivyo, lami huja na upana wake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa meta 60, yaani meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo, kwa barabara kuu, ilikuwa meta 22.5 kila upande. Mabadiliko hayo yaliwaingiza watu wengi ndani ya hifadhi bila wao kusogea hata hatua moja.

Ndiyo maana kuna X za aina mbili. X nyekundu kwa kawaida huwekwa kwenye jengo lililokuwa tayari ndani ya hifadhi ya zamani, na mwenye jengo hutakiwa kulivunja mwenyewe bila kulipwa. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililoguswa na nyongeza ile ya mwaka 2007, na mwenye jengo anastahili fidia kabla ya kuondoka. Mpangaji anayetafuta fremu kando ya barabara aanze hapo. Apige hatua kutoka katikati ya barabara hadi mlangoni. Kama ni chini ya meta 30, asilipe kodi ya mwaka mzima wala kilemba kabla ya kuuliza ofisi ya mtendaji au TANROADS mkoani.

Fidia inavyohesabiwa

Serikali inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma hutumia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 pamoja na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999. Kanuni za mwaka 2001 ndizo zilizofafanua vichwa vya fidia ambavyo mthamini anatakiwa kuvihesabu. Tuvitaje kwa lugha nyepesi.

Kichwa cha kwanza ni thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, yaani nyumba, kisima, miti na mazao ya kudumu. Mkulima asisahau kwamba mkorosho ni mali inayohesabiwa. Kinachofuata ni posho ya usumbufu. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilometa 20. Kisha kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa mwezi mara miezi 36. Mwisho ni hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya biashara kwa mwezi mara miezi 36.

Tuchukue mfano wa kukisia, ili hesabu ieleweke. Mama ana fremu ya duka la rejareja. Kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na faida yake baada ya kutoa gharama zote ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi hiyo mara miezi 36 ni shilingi 1,440,000. Faida hiyo mara miezi 36 ni shilingi 5,400,000. Fedha hizo zingemwezesha kuanza upya mahali pengine bila kuuza shamba.

Lakini hapa ndipo mpangaji anapoachwa nje. Sheria inazungumzia fidia kwa mtu mwenye haki ya kumiliki au aliyekalia ardhi kwa muda mrefu na kutambulika. Mpangaji hatajwi waziwazi. Mthamini anapofika humtafuta mwenye jengo, humpiga picha mbele ya jengo lake, na jina hilo ndilo linaloingia kwenye jedwali. Mwenye jengo akilipwa, huwaambia wapangaji tarehe ya kuondoka, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Mpangaji ana hoja, na inafaa aiseme mbele ya mthamini siku ile ile. Katika jengo la kupangisha, anayehamisha mizigo si mwenye nyumba, na anayepoteza faida ya duka ni yule mwenye duka. Kwa hiyo posho ya usafiri na hasara ya faida zinamhusu yeye. Hoja hiyo huwa na nguvu zaidi mradi unapofadhiliwa na taasisi za nje. Masharti ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na yale ya Benki ya Dunia yanataka watu wote wanaoathirika waorodheshwe na wasaidiwe kuhama, wakiwamo wapangaji na hata wasio na hati yoyote, mradi walikuwapo siku ya mwisho ya kuhesabiwa.

Siku hiyo ya kuhesabiwa ni muhimu kuliko siku ya malipo. Atakayekuja baada yake hahesabiwi. Mfanyabiashara aliyekwenda Masasi kufuata mzigo siku tatu anaweza kukuta orodha imefungwa. Ni vyema kuacha mtu dukani mwenye nakala za karatasi, na tangazo la uthamini likibandikwa ofisi ya kijiji au mtaa, lisomwe na kila mpangaji bila kusubiri kuambiwa na mwenye nyumba.

Jambo jingine ni muda. Fidia inatakiwa kulipwa mapema. Ikipita miezi sita bila kulipwa, kanuni zinataka iongezewe riba. Anayedai riba hiyo ni yule mwenye nakala ya fomu ya uthamini aliyoisaini, kwa hiyo usikubali kuondoka mezani bila nakala yako.

Mwenye nyumba anapotaka chumba chake

Si kila anayehamishwa anahamishwa na Serikali. Wengi zaidi huondolewa na mwenye nyumba. Na hapa wapo wanaoamini bado kuna sheria ya kumlinda mpangaji asipandishiwe kodi. Sheria hiyo ilikuwapo. Ilikuwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya nyumba na kumzuia mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi hupangwa kwa makubaliano ya pande mbili, na uhusiano wao husimamiwa na sehemu ya Sheria ya Ardhi inayohusu upangaji.

Kufutwa kwake hakumaanishi kwamba mpangaji anaweza kutupiwa godoro nje usiku. Pale ambapo mkataba haukutaja muda wala notisi, upangaji huhesabiwa kufuata kipindi cha kulipa kodi. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Notisi ya kumtoa isipungue kipindi hicho na iishie siku ya kulipa kodi. Hivyo mpangaji wa mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja kamili, siyo siku tatu.

Kwa aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo, mkataba unaosema tarehe ya kuanza na ya kuisha ndio ngao yake. Akitakiwa kuondoka mwezi wa tano, kodi ya miezi saba iliyobaki ni fedha yake. Bila karatasi yenye tarehe, mwenye nyumba anaweza kusema fedha ile ilikuwa deni la mwaka uliopita, na baraza litabaki na neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Mpangaji naye ana wajibu. Asiyelipa kodi hupoteza nguvu ya kudai lolote. Mwenye nyumba anayeona amekaidiwa asivunje kufuli wala kuezua bati, maana bidhaa zikipotea atageuka yeye kuwa mdaiwa. Atoe notisi kwa maandishi mbele ya shahidi, na akikataliwa apeleke shauri panapohusika.

Somo la mwaka 2018

Wapangaji wa Nanyamba hawahitaji kufundishwa kwamba kodi ya fremu inatoka kwenye mkorosho. Msimu wa 2018 ulionyesha hilo. Bei za mnadani zilishuka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kubeba. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na malipo ya baadhi yao yakaingia mwaka 2019.

Mkulima alipochelewa kulipwa, daftari la mkopo la mwenye duka lilijaa, na mwenye duka naye akachelewa kumlipa mwenye fremu. Aliyekuwa na mkataba unaosema kodi ya mwaka italipwa Oktoba bila maelezo zaidi alikuwa amevunja mkataba, ingawa kosa halikuwa lake.

Funzo lake ni dogo lakini lina thamani. Mkataba wa fremu katika mji wa korosho uandikwe kwa kufuata korosho. Unaweza kusema kodi italipwa kwa awamu mbili, ya kwanza ndani ya siku 30 baada ya malipo ya mnada wa kwanza wa chama cha msingi cha eneo hilo, na ya pili kufikia tarehe fulani. Unaweza pia kusema malipo yakichelewa, mpangaji atatoa sehemu fulani kila mwezi badala ya kutolewa. Mwenye nyumba mwenye busara atakubali, kwa sababu fremu tupu haimlipi chochote, na mpangaji mpya naye atasubiri korosho hiyo hiyo.

Wapi pa kubisha hodi

Mlango wa kwanza ni ofisi ya kijiji au mtaa. Pale kwenye ardhi ya kijiji kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mwenyekiti na mtendaji wanaweza pia kuushuhudia mkataba wa pango na kubaki na nakala.

Mlango wa pili ni Baraza la Kata. Zamani baraza hili lilikuwa likiamua mashauri ya ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa, hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 bila ufumbuzi, mlalamikaji anaweza kusonga mbele. Yako malalamiko yanayokataliwa huko juu kwa sababu tu mlalamikaji aliruka hatua hii.

Mlango wa tatu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mtwara. Hapo ndipo hukumu hutolewa, na hapo ndipo mpangaji anayeogopa kutolewa kesho anaweza kuomba zuio la muda wakati shauri likisikilizwa. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Mtwara, ndani ya siku 45.

Nauli ya kwenda Mtwara, ada na muda wa kufunga duka si mzigo mdogo kwa muuza nyanya. Kwa hiyo ni vizuri ajue kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humsaidia mtu asiye na uwezo kuelewa haki yake na kuandika madai yake bila malipo. Wanapatikana kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Ipo pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023, ambayo imekuwa ikizunguka mikoani, na migogoro ya ardhi ni sehemu kubwa ya kazi yake.

Kwa anayeanza upya, halmashauri ina wajibu mwingine. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Wapangaji watano wa jengo moja waliovunjiwa fremu wanaweza kuunda kikundi na kuomba, wakaonekana kuliko mmoja mmoja.

Nako mpakani kuna somo la aina yake. Oktoba 2020, wanamgambo walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kushambulia kijiji cha Kitaya. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na wengine wakakimbia na nguo walizovaa. Mtu anayekimbia roho yake habebi faili. Kwa walio kando ya mto hasa, nakala ya mkataba wa pango, wa nyumba au shamba, ikae pia ofisi ya kata na kwa ndugu aliye mbali.

Majirani wamefikia wapi

Kenya ina sheria maalumu ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hulindwa. Mwenye jengo hawezi kumtoa wala kumpandishia kodi bila notisi ya miezi miwili, na mpangaji akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Tazama tofauti hiyo. Kule asiye na karatasi ndiye anayelindwa zaidi, wakati huku ndiye anayeachwa mikono mitupu.

Uganda ilipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama na kumzuia mwenye nyumba kudai kodi ya zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mbali zaidi, jiji la Seattle, Marekani, lina utaratibu wa kumlipa mpangaji wa kipato cha chini anayehamishwa kwa sababu jengo linavunjwa. Nusu hutolewa na jiji na nusu na mwenye jengo.

Halmashauri changa kama Nanyamba haina mfuko wa namna hiyo. Lakini lipo ambalo linawezekana bila fedha nyingi. Baraza la madiwani linaweza kuagiza kwamba kila uthamini unaofanywa mjini uwe na orodha mbili, ya wenye majengo na ya wapangaji. Linaweza pia kuagiza kwamba soko au stendi mpya inapojengwa, waliovunjiwa wapewe vizimba kwanza kabla ya wageni. Diwani anayeomba kura katika kata yenye fremu hamsini anaweza kuulizwa swali hilo bila woga.

Daftari kabla ya X

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mpangaji ahakikishe ana mkataba wa maandishi wenye majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, muda wa notisi na sahihi za mashahidi. Aulipie ushuru wa stempu, kwa kuwa bila huo mkataba hupata taabu kupokelewa kama ushahidi. Kodi ilipwe kwa njia inayoacha alama, kama benki au simu, na ikiwa ni taslimu adai risiti. Marekebisho aliyofanya kwa fedha yake, kama sakafu, mlango wa chuma au umeme, yaandikwe na mwenye nyumba akiri kwa sahihi.

Kwa upande wa biashara, leseni na stakabadhi za kodi ya mapato zitunzwe, na kila jioni aandike mauzo na matumizi. Wengi hukimbia maandishi hayo wakiogopa kukadiriwa kodi kubwa. Lakini mthamini anapouliza faida ya mwezi, jibu la mdomo halijazi jedwali. Yule mama wa mfano wetu anadai shilingi 5,400,000 kwa daftari la shilingi 2,000.

Korosho za msimu ujao zikishauzwa, mwenye nyumba atapita tena. Kabla hujamhesabia noti, mwombe mkae, muandike.